SV Sodingen: timu iliyobebwa na mgodi

Haya jamani, wa huko nyuma sogeeni, viti vipo. Najua ukisema mpira na makaa ya mawe Ujerumani kila mtu anawaza Schalke, ila leo nawaletea SV Sodingen. Sodingen ni mtaa tu ndani ya Herne, ukanda wa Ruhr, na mtaa mzima ulikuwa unakula kwa mgodi mmoja, Mont Cenis.

Sasa ili uelewe walipandaje lazima uijue sheria ya wakati ule. Ujerumani Magharibi haikuwa na ligi moja ya taifa, kulikuwa na Oberliga tano za kanda, halafu timu za juu zinakutana kugombea ubingwa. Na mshahara wa mchezaji ulikuwa na kikomo, mwanzoni haukuruhusiwa kuzidi marki 320 (pesa ya Ujerumani wakati ule) kwa mwezi, hata uwe straika wa kutisha namna gani. (Bahasha za chini ya meza zilikuwepo, tusidanganyane.) Sasa kama kwa mshahara timu zote zinakomea hapo hapo, mchezaji utamvutaje? Kwa kazi na nyumba. Na nchi imetoka vitani, miji imepigwa mabomu, nyumba hakuna, halafu mgodi una nyumba zake, una ajira, unaweza kukupa kazi nyepesi ya juu badala ya kukushusha shimoni, na siku ya mazoezi unaruhusiwa mapema. Hapo klabu ya mtaa inashindana na jiji kubwa bila shida.

Ndiyo maana 1952 wakapanda Oberliga West, na 1955 wakamaliza wa pili nyuma ya Rot-Weiss Essen. Wa pili! Mtaa! Wakaingia makundi ya ubingwa wa taifa na Hamburger SV na Kaiserslautern, ile Kaiserslautern ya Fritz Walter, nahodha aliyetoka kubeba Kombe la Dunia 1954. Fainali hawakufika, lakini Gerhard Harpers alikuwa anaitwa timu ya taifa akitokea hapo hapo Sodingen, na kipa wao Günter Sawitzki alikuja kwenda Kombe la Dunia mara mbili, ingawa 1956 Stuttgart walikuwa wameshamchukua.

Halafu 1958 makaa yakaanza kukosa soko, mafuta yameshuka bei, makaa ya nje nayo yanaingia, wachimbaji wanapoteza zamu bila malipo. Mgodi wenye hali hiyo utamtafutia nani kazi nyepesi? 1959 wakashuka daraja, wakarudi 1960, 1962 wakashuka tena na ndiyo ikawa basi.

Mwaka uliofuata ikaja Bundesliga, ligi moja ya taifa, timu 16 nchi nzima, na kikomo cha mshahara kikapanda hadi marki 1,200. Mimi naona hapa ndipo mlango ulifungwa kabisa, kwa sababu mchezaji anayelipwa hivyo nyumba ya mgodi ya nini tena? Na hawakuumia peke yao. Majirani zao Westfalia Herne, mabingwa wa Oberliga West 1959, hawakuingizwa. Rot-Weiss Essen, bingwa wa Ujerumani 1955, naye alibaki nje mpaka 1966.

Mont Cenis ilifungwa 1978, sasa pale kuna jengo kubwa la vioo lenye paneli za sola juu.

Haya, maswali. Kaka mwenye jezi ya Schalke naona mkono umeshapanda muda mrefu, karibu.