Alama za TEAS zinavyohesabiwa, na kwa nini wastani unakudanganya

Haya jamani, habari za jioni. Najua wengine mmetoka shifti ya asubuhi na wengine mnaingia usiku huu huu, kwa hiyo sitawachelewesha. Mimi leo mnaniita nesi, ila nilikuwa CNA, msaidizi wa nesi, kama nyinyi, usiku nageuza wazee kitandani, mchana nasoma TEAS, ule mtihani wa kuombea chuo cha unesi huku Marekani, kwenye basi. Siku ya mtihani nikamaliza, matokeo yakatokea kwenye skrini, nikaona namba mbili mimi nikashika ile kubwa, nikampigia mama simu Bongo, mama nimepita! Kumbe ile haikuwa alama. Na mama alishawatangazia mtaa mzima.

Shida ni kwamba sisi zote mbili tunaziita asilimia. Moja ni alama yako. Nyingine ni pasentaili, yaani umekaa wapi kwenye foleni: ikisema 72 maana yake kati ya watu 100 waliofanya, 72 umewafikia au umewapita, haisemi umepata maswali mangapi. Chuo kikikuambia kinataka 75, mara nyingi kinaongelea alama, sio foleni, ila uliza.

Sasa alama yenyewe. TEAS 7, hii iliyoanza 2022, ina maswali 170 kwa dakika 209, lakini yanayohesabiwa ni 150 tu. Hayo 20 ni ya majaribio, wanayapima wao wenyewe, na hutayajua ni yapi, kwa hiyo ukikutana na swali la ajabu ajabu usilie, jibu usonge. Na usiache tupu hata moja maana ukikosa hawakukati kitu, sijui nani alituletea hii hofu ya kubahatisha.

Yale 150 yamegawanywa hivi, kusoma 39, hesabu 34, sayansi 44, Kiingereza 33. Hapa ndipo watu wanapotea, wanachukua asilimia za zile sehemu nne wanajumlisha wanagawa kwa nne. Tufanye wote, toeni simu. Mtu kapata kusoma 30, hesabu 30, Kiingereza 30, sayansi 22. Kwa asilimia ni 76.9, 88.2, 90.9, na sayansi 50. Gawa kwa nne, unapata 76.5, chuo kinataka 75, unaanza kupika pilau. Sasa jumlisha maswali: 112 kati ya 150. Hiyo ni 74.7. Umekosa chuo kwa swali MOJA, maana 113 ingekupa 75.3. Sayansi ina maswali mengi kuliko Kiingereza, ikianguka inakuvuta zaidi, na ile 90 ya Kiingereza uliyokuwa unaringia haina uzito uliofikiri.

Na hii yangu ni hesabu ya kukadiria tu, ATI, kampuni inayotunga mtihani, wenyewe wanarekebisha kidogo kwa sababu karatasi hazifanani ugumu, aliyepata ngumu asionewe.

Kwa hiyo ukiniuliza muda wako mchache uuweke wapi nitakuambia sayansi, na ndani ya sayansi mwili wa binadamu, maswali 18 kati ya yale 44. Moyo, figo, homoni. Wengi wenu mnaviona kazini kila siku, hamjui tu majina ya kwenye kitabu. Na yale maswali ya kuchagua majibu yote sahihi, ukisahau moja umekosa lote, hakuna nusu.

Ukishapata alama utaona na neno pembeni, kuanzia 58.7 wanaita Proficient, kuanzia 78.0 Advanced. Msichanganye na divisheni za kwetu, pale divisheni wani ndo ushindi, huku namba ikipanda ndo vizuri. Na hilo neno sio kupita wala kufeli, ATI hawafelishi mtu, anayeweka mstari ni chuo. Chuo kimoja kinaangalia jumla tu, kingine kinataka sayansi peke yake ifike mahali fulani, kingine kinaigeuza TEAS kuwa pointi halafu kinachanganya na GPA, wastani wa masomo yako ya shule, ndo maana shoga yako anaweza kuingia na 70 na wewe una 74 umebaki nje mnalaumiana uchawi.

Dada wa kilemba cha bluu, uliinua mkono tangu kwenye hesabu, haya uliza.