Kuunda Molekuli ya Alkeni kwa Udongo na Vijiti

Karibuni, watazamaji. Hapa Mtwara mezani petu tuna udongo wa mfinyanzi, vijiti vya kuchokolea meno na masizi ya mkaa, navyo vinatosha kuunda etheni, iliyo ndogo kuliko alkeni zote, yaani molekuli za kaboni na hidrojeni zenye kifungo maradufu kati ya kaboni mbili.

Finyanga matonge mawili makubwa na uyapake masizi. Hayo ni atomi za kaboni. Matonge manne madogo yabaki yalivyo, yawe hidrojeni. Kila kijiti ni kifungo kimoja. Unganisha kaboni zote mbili kwa vijiti viwili sambamba, ndicho kifungo maradufu, kisha chomeka hidrojeni mbili kwenye kila kaboni, ukihakikisha kwamba kila kaboni ina vifungo vinne kamili. Umepata C₂H₄.

Laza umbo hilo mezani. Atomi zote sita zinapaswa kulala bapa, na pembe kati ya vifungo zikaribie nyuzi 120. Hidrojeni iliyonyanyuka irudishe chini.

Hatua inayofuata naomba muifanye taratibu, kwa kuwa ndiyo kiini cha somo. Shika kaboni moja kwa kila mkono, ujaribu kuzizungusha: zitagoma. Chomoa kijiti kimoja, nazo zitazunguka bila shida. Rudisha kijiti hicho, ukijua kwamba ingawa vijiti vyetu vinafanana, vifungo vyenyewe havilingani, kwani kile cha sigma kimekaa katikati ya kaboni mbili, ilhali elektroni za kile cha pai zimetanda juu na chini ya ubapa, na ni rahisi zaidi kukivunja. Hicho cha pai ndicho bromini inachokishambulia, na maji ya bromini yakapoteza rangi yake ya hudhurungi. Methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi yetu ya Mnazi Bay, haina kifungo cha pai.

Sasa toa hidrojeni moja kwenye kila kaboni na uweke kundi la CH₃ mahali pake. Makundi yakikaa upande mmoja, umepata sis-2-buteni, inayochemka kwenye nyuzi 3.7 za Selsiasi. Yakikaa pande tofauti, ni transi, inayochemka kwenye nyuzi 0.9. Atomi ni zilezile, lakini ni vitu viwili.

Kwa wenye udongo uliobaki, jaribuni mnyororo wa kaboni 15 unaopatikana katika mafuta makali ya ganda la korosho. Molekuli zake nyingi zina kifungo maradufu kimoja hadi vitatu, kikianzia kati ya kaboni ya 8 na ya 9, nacho ni cha sis. Basi hapo mnyororo lazima mpinde kona.