Kiangazi Kikifika, Sisimizi Wako Watakula Nini?

(Mhadhara uliotolewa mjini Arua, Uganda, mwezi wa Januari)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Nafurahi kuona viti vimejaa, maana nilipoanza kufuga sisimizi, majirani walimshauri mama anipeleke nikaombewe.

Kwanza tuelewane kwenye majina. Mchwa simfugi. Mchwa anakula nyumba yako. Mimi nafuga sisimizi, hasa wale wakubwa wanaotembea usiku, ambao wataalamu huwaita Camponotus maculatus, na wale wadogo wenye askari wa vichwa vikubwa, Pheidole. Mchwa na kumbikumbi kwangu ni kitoweo.

Vijana wengi wanasoma maelekezo ya wafugaji wa Ulaya, halafu wananijia: "Mwalimu, wangu niwalaze lini?" Usiwalaze, utawaua. Yule sisimizi mweusi wa bustani za Ulaya, Lasius niger, hulala usingizi wa msimu wa baridi kuanzia Oktoba au Novemba mpaka Machi. Mfugaji anamtia kwenye friji, nyuzijoto tano hadi kumi, anamwachia maji, basi. Mabuu yanasimama kukua, hakuna anayedai nyama. Anayepata taabu kule ni yule anayefuga sisimizi wa nchi za joto sebuleni: wake wako macho, nje wadudu wamekwisha. Huyo ndiye mwenzetu.

Sasa tazameni hapa kwetu. Desemba mvua inakatika, nyasi zinachomwa, na mpaka Machi wadudu wa kuokota ni haba. Lakini joto linapanda, na joto likipanda mayai yanaanguliwa upesi na mabuu yanakua haraka. Baridi ya Ulaya inafunga ghala na midomo kwa pamoja. Kiangazi chetu kinafunga ghala, midomo inabaki wazi.

Midomo ya nani? Hapo ndipo wengi wanapokosea. Sisimizi aliyekomaa hamezi kitu kigumu. Kiuno chake ni chembamba mno, na mdomoni ana kichujio. Kinachopita ni maji maji tu. Yeye anaendeshwa na sukari: asali, au maji ya sukari. Nyama ni ya mabuu, na ya malkia anayetaga. Nilikaa usiku mmoja na tochi na kioo cha kukuzia, nikiwatazama Pheidole. Kibarua, yaani sisimizi mfanyakazi, alikata kipande cha paja la kumbikumbi, akakibeba mpaka chumba cha ndani, akamkuta buu mnene amelala chali, akamwekea kipande kile juu ya tumbo, karibu na mdomo, kama mtoto anavyowekewa sahani mapajani. Buu akakilowesha kwa mate, akaanza kula. Kibarua akasimama pembeni anasubiri. Sikulala usiku ule.

Kwa hiyo ukitaka kujua uweke akiba kiasi gani, usihesabu sisimizi, hesabu mabuu. Kundi langu la Camponotus wapata mia mbili, lenye mabuu kama sitini, linamaliza kumbikumbi wanne kwa wiki. Kiangazi chetu ni wiki kumi na nne. Nne mara kumi na nne ni hamsini na sita. Hamsini na sita! Hawajazi hata kikombe cha chai. Na nyie mnataka kujaza debe.

Nasema hivyo kwa sababu debe nilijaza mimi. Mwaka wangu wa pili, mvua za kwanza zilipopiga, niliweka taa juu ya beseni la maji usiku, kumbikumbi wakaanguka humo kama mpunga. Nikawatia wote kwenye kavera moja kubwa, mfuko wa plastiki, nikaomba nafasi kwenye friza ya mama mmoja mwenye duka. Umeme ukakatika siku mbili. Uliporudi, wakaganda tena, wote donge moja. Kwa macho walikuwa wazima. Nikabandua kipande, nikawapa. Baada ya siku nne kibarua mmoja baada ya mwingine alikuwa akitoa buu jeusi na kulitupa kwenye takataka. Malkia alipona, watoto hawakupona. Na yule mama hajanisamehe mpaka leo, maana samaki wake walinuka kumbikumbi.

Tangu hapo nafanya hivi. Nawachagua wakiwa hai, nawaondoa mabawa, nawachovya kidogo tu kwenye maji yanayochemka ili utitiri ufe, nawakausha kwa kitambaa. Kisha nawafunga wannewanne kwenye vikaratasi, kila kikaratasi wiki moja, vyote ndani ya kopo lenye mfuniko. Natoa kimoja, kinayeyuka, nawakata vipande, nawapa jioni. Asubuhi, nyama iliyobaki naitupa. Kilichoyeyuka hakirudi kwenye friza, hata kama roho inauma.

Asiye na friza? Kaanga bila mafuta wala chumvi, anika jua kali, weka kwenye chupa kavu. Ukitaka kuwapa, loweka kwanza, maana mdudu mkavu hana maji ya kunyonya. Wale wa sokoni wanaouzwa kwa kikombe mara nyingi wameshatiwa chumvi, hao kuleni nyie. Senene hali kadhalika: Waganda wameupa mwezi wa Novemba jina lao, Museenene, na wakikaangwa na vitunguu sina ugomvi nao, lakini wana mafuta mengi, na mafuta yakikaa huchacha. Wa kwanza kuwalisha, wa mwisho kuwahifadhi. Mende wa chooni achana nao. Hujui nani alipuliza dawa wiki iliyopita.

Lililo bora kuliko friza ni nyenje wachache kwenye ndoo, na trei za mayai za kujifichia, na chakula cha vifaranga. Wanajizalisha, umeme ukitaka ukatike.

Kijana pale anauliza kuhusu wale wanaokula mbegu. Ndiyo, Messor. Hao wana ghala lao wenyewe, ingawa wadudu wachache kwa mabuu hawawakatai. Lakini tahadhari: Kenya, mwaka 2025, mahakama iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja kwa kukutwa na malkia wa Messor cephalotes, wawili wao walikuwa na malkia kama elfu tano kwenye vichupa vyenye pamba. Fuga wa uani kwako, usiwe mchuuzi wa mipakani.

Mzee wangu uliyekuja na chupa chini ya koti, nimeiona tangu nianze. Hebu ilete mbele. Mfuniko usiufungue kwanza, wasije wakawa siafu.