Supu ya Difu: Kufungua Ekseli ya Mbele Uani Kwako

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie ekseli ya mbele ya Land Cruiser za zamani, hizi mkonga na ndugu zake. Wakati naingia nimechungulia tairi za mbele za magari yenu pale nje, mnisamehe, ni tabia. Matatu yana weusi unaong'aa upande wa ndani wa rimu. Wenyewe mnajijua.

Weusi ule si grisi tupu, wala si oili tupu. Nyuma ya tairi kuna tufe la chuma, na ndani yake mna sivi jointi yenye gololi 6, inayopeleka nguvu kwenye tairi hata ukiwa umekata kona. Humo inakaa grisi nzito ya molibdeni, kiasi cha robo tatu, usishindilie. Oili ya difu inatakiwa ibaki kwenye difu, lile bonge la gia ndani ya ekseli. Kinachozitenganisha ni sili moja ndogo iliyojificha mdomoni mwa ekseli. Utoe tairi, huioni. Utoe breki, huioni. Utoe habu, bado. Ikichoka, oili inapenya, inalainisha grisi, inakuwa supu, na supu haikai ndani.

Sasa fundi wengi wanatibu pale panapolowa. Wanabadilisha sili ya nje, ile ya mpira na felti inayokumbatia tufe. Jamani, ile kazi yake ni kufuta vumbi na tope, si kuzuia oili! Mimi nilibadilishiwa mara mbili kwenye gereji moja, nikalipa mara mbili, supu ikarudi kabla sijamaliza mwezi. Ndipo nikaamua kufungua mwenyewe, nyumbani Njiro, gari likiwa juu ya stendi za kuazima. Jeki peke yake usiiamini hata kama unatoa nati moja.

Kazi yenyewe nusu ni kusafisha. Dizeli, brashi, matambara, na tena dizeli. Oili ya difu ina harufu ya salfa haitoki mikononi kwa sabuni ya kawaida. Jioni ile mama watoto aliniwekea ugali barazani.

Nati za habu ni mbili, katikati yake mna kibati chenye masikio ya kukunja. Tafuta spana boksi ya 54. Mtaani nati hizi hupigwa patasi na nyundo, na yangu ilikuwa imeng'atwa kama gunzi la muhindi. Nati iliyopigwa patasi haikuambii umeikaza kiasi gani, na beringi za tairi zinataka kiasi.

Kosa langu nililipata wakati wa kurudisha. Nimeshaweka sili mpya ya ndani, nimefurahi, nikaisukuma shafti, ile fimbo ya chuma inayotoka kwenye difu hadi kwenye sivi, nikaiacha ilale juu ya sili. Ncha yake ina meno. Yale meno yakakwangua mdomo wa sili mpya, mkato mdogo kama wa wembe, na sikuuona hadi supu iliporudi. Nikafungua upya kila kitu. Siku hizi napaka grisi mdomo wa sili, naibeba shafti kwa mikono miwili, uzito wote naubeba mimi, mpaka nisikie meno yameingia kwenye difu.

Halafu kuna beringi za kingpini, moja juu ya tufe, moja chini, ambazo tairi inazigeukia ukikata kona. Hapa ndipo pananiuma. Mtu usukani unatetemeka akipiga tuta au shimo, anakwenda kubalansi tairi, anarudia kubalansi, ananunua tairi mpya, kumbe beringi za kingpini zimelegea. Ukizibadilisha, usikaze kwa kukisia. Chini na juu kuna shimu, vibati vyembamba. Za juu zibaki juu, za chini zibaki chini, maana ndizo zinazoweka tufe katikati ya shafti. Kisha, kabla hujarudisha shafti na sili ya nje, chukua mzani wa kuning'iniza, kama ule wa wauza samaki, ning'iniza kwenye tundu la mkono wa usukani, vuta taratibu, usome kilo. Kilo zinazotakiwa zinatofautiana modeli na modeli, ziangalie kwenye kitabu cha gari lako. Nyepesi mno, ongeza mkazo kwa kupunguza shimu. Nzito mno, rudisha moja.

Na kabla ya kununua sili yoyote, angalieni kipumulio, kile kikofia kidogo juu ya ekseli. Kwa vumbi letu la Longido kinaziba upesi. Difu likipata moto hewa inapanuka, ikikosa pa kutokea inaisukuma oili kwenye sili. Ukiingia mtoni na difu la moto, lapoa ghafla, linavuta maji.

Kuna aliyeuliza kuhusu sivi inayolia kakaka ukikata kona umeweka loki, yaani tairi za mbele nazo zinavuta. Imelika, lakini haijafa. Ulaji mwingi unakuwa upande wa kwendea mbele, kwa hiyo mafundi wazoefu huhamisha ya kushoto kulia na ya kulia kushoto. Hamisha sivi zenyewe, si shafti, shafti hazilingani urefu. Na uziwekee alama kabla ya kuziosha. Mimi niliziosha kwanza, zikalala kwenye beseni zinafanana kama mayai.