Tairi Moja T, Matatu H

REHEMA: Karibuni tena. Leo kaka Mudi kaja na kesi ya tairi. Haya, ilikuwaje?

MUDI: Dada, nimetoka Dar naenda Morogoro. Naipita Chalinze tu, tairi la nyuma kushoto likachanika ubavuni. Fundi wa pale akanipa jipya, saizi ileile, 185/65 R15. Nikalipa, nikaondoka. Kesho yake naosha gari ndiyo naona: matatu yameandikwa 88H, hili 88T.

REHEMA: Hapo wengine umeshawaacha.

MUDI: Hiyo 88 ni mzigo, tairi moja linabeba hadi kilo 560. Herufi ndiyo mwendo: S kilomita 180 kwa saa, T 190, H 210, V 240.

REHEMA: Ngoja. H inakuja baada ya T?

MUDI: Waulize waliopanga alfabeti hiyo, mimi simo.

REHEMA: Na gari lako lenyewe likifika 120 linatetemeka. T haikutoshi?

MUDI: Nilimpigia fundi, akanijibu hivyohivyo: "Mia na tisini, unakimbizwa na nani?" Nikakosa la kusema.

REHEMA: Hajakosea.

MUDI: Kwa mwendo, hajakosea. Ila tairi la H limejengwa kuhimili joto zaidi, na mara nyingi ubavu wake ni mgumu zaidi. Sasa nyuma una gumu kulia, laini kushoto. Ukienda taratibu husikii kitu. Siku narudi, karibu na Mikese, lori mbele yangu likafunga breki ghafla. Nikakata usukani kulia. Mkia wa gari ukachelewa, halafu ukaja wote kwa mpigo. Aisee, usukani ulilowa jasho.

REHEMA: Labda upepo wa matairi?

MUDI: Nilipima. Yote 32.

REHEMA: Na hilo la nyuma kulia, kashata zake, yale meno ya tairi, zilikuwaje?

MUDI: (anacheka) Lilikuwa linaelekea kipara.

REHEMA: Basi! Unaisingizia herufi, kumbe kushoto jipya, kulia kipara!

MUDI: Nakubali, yote mawili yamo. Ndiyo maana sikuhangaika kusaka H moja. Nimenunua mawili ya H, chapa moja, nikayafunga nyuma.

REHEMA: Nyuma? Watu mapya wanaweka mbele, eti ndiko kwenye usukani.

MUDI: Ya mbele yakiteleza, gari linagoma kukata kona, unaachia mafuta, linatulia. Ya nyuma yakiteleza, linazunguka na wewe ndani. Na kama huna budi kuchanganya T na H, hizo T ziwe mbili, zikae mbele. Halafu gari zima ulihesabu ni la T, maana lile la mwendo wa chini ndilo linaloamua.

REHEMA: Na mzigo? Mtu ana 88, anapewa 82.

MUDI: Hapo hapana, dada. Hilo hata bure usifunge, hasa kama unabeba abiria na magunia.

REHEMA: Hilo "jipya" la Chalinze ulisoma mwaka wake? Zile tarakimu nne?

MUDI: Nilisoma nikiwa nimeshalipa. 1416.

REHEMA: Wiki ya 14, mwaka 2016! Jipya la wapi hilo? Liko wapi sasa?

MUDI: Nimelifanya spea.

REHEMA: Lina upepo?

MUDI: ...Hebu tupokee simu ya msikilizaji wa kwanza.