Kutoka Morogoro Stores hadi Coco Beach: Picha na Mihogo

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Mmeniomba nizungumzie mahali pa kuangalia sanaa na kula hapa Dar es Salaam, nami nawapeleka moja kwa moja Oysterbay, Barabara ya Haile Selassie, pale Morogoro Stores.

Hapo ndipo ilipoanzia sanaa ya Tingatinga, inayobeba jina la mchoraji aliyeianzisha. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa 1932 upande wa Tunduru, akafanya kibarua kwenye mashamba ya mkonge Tanga, kisha akaja Dar. Mwaka 1968 alianza kuchora wanyama kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Picha ziliuzwa hapo Morogoro Stores, kwa watu waliofuata mahitaji ya nyumbani. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Miaka minne tu ya kuchora! Mimi jambo hilo bado linaniuma. Ndugu na wanafunzi wake hawakuweka brashi chini; mwaka 1990 wakaunda ushirika wa wachoraji.

Ukifika Morogoro Stores, usipite haraka. Simama karibu na mchoraji. Rangi ya chini hutangulia, tuseme buluu inayofifia kuelekea nyeupe, nayo huachwa ikauke. Kisha unakuja mwili wa chui. Halafu madoa, moja baada ya jingine, kwa brashi nyembamba. Rangi hii hukawia kukauka, kwa hiyo utamkuta ana picha kadhaa kwa mpigo. Nawasihi: someni saini kabla ya kuuliza bei, na aliyechora mmuulize mwenyewe kwa nini chui wake anacheka.

Njaa ikiuma, mikahawa ya bei ya juu iko jirani, sina neno nayo. Mimi nashuka ufukwe wa Coco Beach, hapo hapo Oysterbay, jioni, jua likishapoa. Muhogo unachomwa kwenye mkaa mpaka unakauka nje huku ndani ukibaki laini, unapasuliwa, unapakwa chumvi na pilipili, unakamuliwa ndimu. Anayependa chachandu anaongezewa. Mishikaki pembeni, dafu la kuteremshia. Wikiendi utakuta familia za kila upande wa jiji, watoto wamejaa mchanga miguuni.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Tangu mwanzo wageni ndio wamekuwa wanunuzi wakubwa wa picha za Tingatinga, ilhali sanaa yenyewe ilizaliwa kando ya duka la mahitaji, si kwenye ukumbi wa maonesho. Walaji hawa wa muhogo ni majirani wa wachoraji, lakini ni wangapi kati yao wana picha hata moja ukutani? Wachoraji wapewe meza ufukweni kila Jumapili, kando ya wauza mihogo. Waje na vipande vidogo, vya bei ambayo baba au mama aliyeleta watoto kula anaweza kuitoa papo hapo, na wachore mbele ya watoto hao.