Melatonini na mafuta kwenye ini: tuongee ukweli

Haya jamani, sogeeni huku mbele, maiki inasumbua. Leo naongea na nyinyi wa zamu za usiku, maaskari wa mageti, manesi, madereva wa malori ya Malaba, maana naona wengi mnaagizia melatonini, vile vidonge vya kuleta usingizi, kwa ndugu walioko Marekani, na sasa WhatsApp zimejaa meseji eti inayeyusha mafuta ya ini.

Melatonini ni homoni, mwili unaitengeneza wenyewe kwenye ubongo giza likiingia, Aaron Lerner wa Yale ndo aliitambua 1958. Na hayo maneno ya ini hayajatoka hewani, Poland watafiti waliwapa wagonjwa miligramu 10 kwa siku na baadhi ya enzaimu za ini kwenye damu, zile zinazopanda ini likiumia, zikashuka. Lakini wagonjwa walikuwa wachache sana, na enzaimu kushuka sio kwamba mafuta yameisha au makovu ya ini yamepona, hapo ndo watu wanapotoshwa na mimi inaniuma kwa kweli.

Halafu hiyo chupa unaiamini vipi? Marekani inauzwa kama virutubisho tu, haikaguliwi kama dawa. Mwaka 2023 watafiti walipima aina 25 za pipi za melatonini, 22 kiasi hakikulingana na kilichoandikwa, na moja haikuwa na melatonini hata kidogo! Uingereza huipati bila cheti cha daktari. Na ini lenyewe ndo linaivunja, kwa hiyo mwenye ini lililoharibika sana inamkalia kwenye damu muda mrefu, anaamka kama hajalala.

Kinachopunguza mafuta kwa uhakika ni kupunguza uzito, asilimia 7 mpaka 10. Wewe wa kilo 90 ni kama kilo 6 mpaka 9, polepole, sio kwa kujinyima wiki moja. Anza na soda, hizo mbili tatu za kukufanya usisinzie lindoni, halafu rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, ya saa nane usiku, mayai hayana neno sana ila chapati mbili na mafuta yale kila siku, hapana. Waragi, hiyo pombe kali, nayo iache, ndugu yangu.

Mafuta kwenye ini mara nyingi hayaumi, unaweza kukaa nayo miaka. Ukienda kupima, omba na hepatitisi B papo hapo, hasa nyinyi mliotoka kaskazini mwa Uganda ambako iko nyingi, na kama hujaipata kuna chanjo.